Wanaokaa pembeni wakiomba wasiitwe

Kila mchezaji wa akiba anaota kocha amuite. Ila kuna jamaa wanakaa pembeni dakika zote 90 wakiomba wasiitwe: madaktari na wahudumu wa dharura.

Machi 17, 2012, White Hart Lane, waliitwa. Robo fainali ya Kombe la FA, Tottenham na Bolton ziko 1-1, kiungo wa Bolton, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, akaanguka bila kuguswa na mtu. Miaka 23, moyo umesimama.

Jukwaani alikuwepo Dk. Andrew Deaner, bingwa wa moyo, siku hiyo shabiki tu wa Spurs. Akawaomba walinzi wampishe, akaingia kuungana na daktari wa Bolton, Jonathan Tobin, na wenzake. Kandamiza kifua, shtua kwa mashine, rudia. Walimshtua mara 15. Moyo ulikaa kimya dakika 78, karibu mechi nzima, ndipo ukarudi.

Agosti mwaka huo Muamba alistaafu soka, lakini yu hai. Kwa kazi ile, hilo ndilo kombe. Wikiendi hii ukiona machela imelala pembeni haijaguswa, ujue wale jamaa wameshinda.