Gari "Jipya" Kutoka Ng'ambo: Ukaguzi Ulivyohamia Dar es Salaam Mwaka 2021

Mjini Kayanga, na vivyo hivyo Nkwenda, mtu akisema amenunua gari jipya, mara nyingi ana maana ya gari ambalo halijawahi kusajiliwa Tanzania. Gari hilo huwa limekwisha kutumika miaka kadhaa Japani au kwingineko kabla ya kupakiwa melini. Katika taratibu za ukaguzi hilo ni gari lililotumika, na taratibu hizo zilibadilika mwaka 2021.

Hadi Machi 2021, magari ya aina hiyo yalikaguliwa huko yanakotoka, zikiwemo Japani, Uingereza na Falme za Kiarabu, na mawakala walioteuliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tarehe 1 Aprili 2021, TBS ilianza kulikagua gari baada ya kufika Dar es Salaam. Kiwango kilichotumika kilikuwa kilekile, TZS 698, na yaliyotazamwa yalikuwa yaleyale: breki, usukani, taa, matairi, springi na shokomzoba. Kilichohama kilikuwa mahali pa kupimia.

Yalikuwapo manufaa: ada ilibaki nchini, na wataalamu wetu walipata kazi. Kwa mnunuzi, hata hivyo, mabadiliko hayo yalihamisha pia mzigo wa hasara, na hapo tunaomba msomaji asome taratibu. Kabla ya hapo gari lililoshindwa ukaguzi lilibaki mikononi mwa muuzaji mpaka alirekebishe. Baada ya mabadiliko hayo kasoro ilibainika wakati fedha zimekwisha kulipwa na gari limevuka bahari. Matengenezo, ukaguzi wa marudio na siku za kukaa bandarini vilimwangukia mnunuzi. Kwa mkulima wa Kyerwa aliyeweka akiba ya kahawa ya misimu mitatu, hilo halikuwa jambo dogo.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, pata kwa maandishi maelezo ya muuzaji kuhusu hali ya gari, pamoja na picha za upande wa chini, na mkubaliane ni nani atakayelipa iwapo litashindwa ukaguzi. Muuzaji anayekataa kuandika neno hilo amekwisha kukujibu. Wakala wako wa forodha naye akupe stakabadhi ya kila malipo. Neno "gharama za ukaguzi" lisilo na stakabadhi halitoshi.

Wengi katika wilaya zetu hawaagizi wenyewe, bali hununua kwa mtu aliyeagiza. Hao wasidanganywe na herufi za namba ya usajili. Namba mpya huonyesha kwamba gari limesajiliwa karibuni, si kwamba limetengenezwa karibuni. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe, kisha na ile iliyo kwenye cheti cha ukaguzi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usilipe.

Cheti hicho kinaeleza hali ya gari siku lilipopimwa. Kutoka bandarini hadi Karagwe ni zaidi ya kilomita 1,300, na barabara ya changarawe huzichosha breki na springi upesi. Mpeleke fundi unayemwamini alitazame gari kabla hujalilipia, na wewe mwenyewe tazama ubavu wa kila tairi: tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata za tairi bado ni nene.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168, inakataza kuendesha gari bovu, na askari akilisimamisha Omurushaka, cheti cha ukaguzi hakitakuwa utetezi. Anayekusudia kubeba abiria kwa malipo atahitaji pia leseni ya LATRA, ambayo huombwa kando na ukaguzi huu.