«Chauffeur» wa kitabu cha babu hakuendesha motokari



Mama mmoja wa hapa Mwadingusha alituletea kitabu cha kazi cha baba mukwe wake. Ndani wameandika: «chauffeur». Watoto walikuwa wanajisifu kwamba babu aliendesha motokari ya wazungu. Shangazi yao mzee peke yake alikataa: «Hapana, baba hakushika volan hata siku moja. Alikuwa anarudia nyumbani na mikono ya kuungua.» Wakamuita mwenye kusahau. Wakazunguka sana kutafuta jina la babu mu karatasi za magaraji. Bure.

Tukasoma musitari wa chini: «traction». Traction ni service ya malokomotivu. Shangazi alisema kweli. Mu Kifaransa, «chauffer» ni kupasha moto. Mbele motokari hazijakuwa nyingi, chauffeur alikuwa mutu wa kutia makala ao kuni mu moto wa mashini. Mwenye kuendesha treni ndiye waliita «mécanicien». Treni ilifika Élisabethville mu 1910, na wababu wengi walitumika kwenye moto ule.

Nyumba nyingi za hapa zingali na karatasi kama hizi, tangu centrale yetu ya mto Lufira ilianza mu 1930, wakati wa Union Minière. Basi tuangalie na maneno mengine.

«Capita» alikuwa mukubwa wa ekipe ya watumishi. Lakini «capita-vendeur» hakuongoza ekipe: alikaa mu mugini na kuuza vitu vya mufanyabiashara.

«Boy-chauffeur» alikuwa musaidizi wa dereva wa kamyo. Na «boy», mu Kingereza ni mtoto mwanaume, lakini waliandika vile hata mutu muzima mwenye bibi na watoto. Tusiseme babu alianza kazi akiwa mtoto kwa sababu ya neno lile.

«Moniteur» aliweza kuwa mwalimu wa masomo. Kama wameongeza «agricole», alikuwa anaonyesha watu namna ya kulima.

«H.A.V.» si kazi hata kidogo. Ni «homme adulte valide», mwanaume mukubwa mwenye nguvu. Serikali ya wakoloni ilihesabu wanaume wale ili ijue nani atalipa kodi na nani ataweza kutumwa kazi. Mulimaji na muvuvi, wote waliingia mu herufi zile tatu.

Kwa hiyo tunawaomba: musome kwanza mwaka, kisha service, kisha mahali pa kazi. Neno moja peke yake linadanganya. Munakili herufi vile ziko, hata kama zinaonekana mbaya, musisahihishe, musifute. Namba ya matricule muiandike pembeni, maana majina walikuwa wanayaandika kila mara namna ingine, lakini namba inasaidia kumujua mutu.

Na mbele ya kukimbilia maofisi, muulize wazee wa nyumba. Karatasi ingali itakuwapo kesho, wao hatujui. Mama yule sasa anafuata dosye kwa upande wa treni, na shangazi ndiye anakaa pembeni yake wakati tunasoma.