Ufundi na Afya (sehemu ya tatu): Vumbi linalolikwepa pipa

Tangu maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za Kavimvira, mjini Uvira, habari nyingi zinazotufikia ni za watu kuhama na kujenga upya. Anayejenga upya anahitaji mlango, dirisha na kitanda. Fundi naye, ikiwa karakana yake ya karibu na maji ilizama, huranda na kupiga msasa barazani, hatua chache kutoka chumba wanamolala watoto. Ndiyo sababu narudi kwenye mada yetu ya kukusanya vumbi la mbao mapema kuliko nilivyokusudia. Feni, bomba na pipa tumeshavieleza. Leo ni zamu ya lile vumbi laini ambalo pipa halilipati.

Chombo chenyewe cha kunasa vumbi, ile koni iliyo juu ya pipa, kimenivutia tangu ujana, na historia yake inaanzia kwenye unga wa ngano. Tarehe 2 Mei 1878, mjini Minneapolis, Marekani, kinu kikubwa kilichoitwa Washburn A kililipuka na watu 18 wakafa. Hapakuwa na baruti. Unga uliotanda hewani ulipata moto, ukawaka wote kwa mpigo mmoja. Wenye vinu wakashtuka, wakaanza kutafuta kwa bidii namna ya kulikamata vumbi kabla halijatanda. Mwaka 1885 John M. Finch akapata hataza ya chombo cha kukusanya vumbi kwa njia ya mzunguko wa hewa, akaikabidhi kampuni ya Knickerbocker ya Jackson, Michigan. Hakuna kisu ndani yake, hakuna gurudumu, hakuna hata kipande kinachosogea. Hewa huingia kwa ubavu, huzunguka ndani ya koni na kutokea juu, na uchafu huanguka chini. Kutoka kwenye unga, chombo hicho kikahamia viwanda vya mbao, na huko ndiko mvumbuzi Mwingereza James Dyson alikokiona, mwishoni mwa miaka ya 1970, akapata wazo la kifyonza vumbi cha nyumbani. Miaka zaidi ya 90 ilikuwa imepita na umbo lilikuwa lile lile!

Jinsi kinavyofanya kazi, aliyewahi kupanda gari kwenye makona ya barabara ya mlimani ya Ngomo anajua kwa mwili wake: gari likikata kona, abiria husukumwa upande wa nje. Punje ya mbao nayo husukumwa ukutani mwa koni, ikapoteza mwendo, ikateremka pipani. Lakini kipenyo cha punje kikipungua kwa nusu, mwendo wake wa kuelekea ukutani hushuka hadi robo. Punje ya mikroni 2 huenda polepole mara 100 kuliko ile ya mikroni 20, na kabla haijafika ukutani hewa imeshaibeba juu. Kumbuka kwamba unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Basi pipa likijaa maranda, fundi hufurahi, na zile punje zinazofika ndani kabisa ya mapafu zinamrudia usoni.

Hapa siwezi kuandika kwa upole. Katika miaka ya 1960, daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Esmé Hadfield aliona kwamba watengeneza viti wa High Wycombe, Uingereza, walikuwa wakipata saratani ya pua ambayo kwa watu wengine ni nadra sana. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu. Mvule, mti tunaousifu kwa milango na mitumbwi, vumbi lake huwasha ngozi na huweza kuleta pumu. Hata hivyo anayekabidhiwa msasa na ufagio ni mwanagenzi, kijana wa miaka 15, na bwana wake hukaa nje akizungumza na wateja. Huo si ukali wa kumfunza kazi. Ni kumnyang'anya pumzi yake, na mzazi aliyemleta ana haki ya kuuliza.

Sasa marekebisho, kwa ufupi. Anza chini, kabla ya kufikiria mota kubwa. Feni ikiwa inavuta kutoka juu ya koni, shinikizo chini ya koni ni dogo, na tundu dogo tu kwenye kifuniko cha pipa huingiza hewa inayolipandisha tena vumbi lililokwisha kuanguka. Washa feni, shika uzi wa pamba kando ya ukingo wa kifuniko. Ukivutwa ndani, ziba hapo kwa utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu. Pipa limwagwe kabla vumbi halijafika kwenye koni.

Pili, mfuko. Ukilizidisha eneo la kitambaa mara mbili, hewa hupita kwa nusu ya mwendo wa awali na vumbi laini hunaswa zaidi. Kitambaa kizito cha pamba huchuja vizuri zaidi kikishapata utando wa vumbi, kwa hiyo kikung'utwe taratibu nje, upepo ukiwa mgongoni, bila kukifua kila siku. Anayeweza kuitoa hewa nje ya ukuta, mbali na dirisha la jirani, amefanya vizuri kuliko sote. Umeme ukilegea, acha msasa: mwendo wa feni ukishuka kwa nusu, nguvu inayoisukuma punje ukutani hubaki robo. Na sigara isikaribie mfuko, Minneapolis tumeshaisoma.

Mashine ikizimwa, barakoa isivuliwe. Katika hewa tulivu punje ya mikroni 10 hushuka mita moja kwa dakika 5 au 6. Ya mikroni 1 huchukua saa 8 hivi. Vipimo vya kukata na kushona mfuko vitakuwa katika sehemu ya nne.