Baridi ya Julai, Mzinga Haufunguliwi

Mwezi wa Juni ukiingia, wingu hutanda juu ya vilima vya Ngong likashuka hadi Karen, Dagoretti na Kikuyu, na jua likitokeza kabla ya adhuhuri watu huliota kwa furaha. Nairobi iko karibu na ikweta, lakini imeinuka mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mitaa yake ya magharibi imeinuka zaidi ya hapo. Usiku wa Julai joto hushuka hadi kama nyuzi 10. Katikati ya jiji watu huvaa makoti, shughuli zikaendelea. Kwa wafugaji nyuki wa upande wa magharibi, msimu huu ambao Wakikuyu huuita gathano una adabu zake, na adabu hizo ndizo zinazoamua kama Oktoba kutakuwa na nyuki au mizinga mitupu.

Adabu iliyo juu ya zote ni kuuacha mzinga umefungwa. Watoto wa nyuki hulelewa katika joto la nyuzi 34 hadi 35, na joto hilo hutengenezwa na nyuki vibarua wenyewe kwa kusongamana juu ya masega na kutetemesha misuli ya mbawa zao. Ukifunua mzinga jioni ya Julai, joto lililowagharimu asali nyingi linapotea kwa dakika chache. Miezi mingine jioni ndiyo saa ya kazi, kwa sababu nyuki wetu ni wakali, na mtu anayepakana na majirani hawezi kuwachokoza mchana watoto wakicheza nje. Basi Julai inambana mfugaji kotekote: mchana anamhatarisha jirani, jioni anawahatarisha nyuki. Ndiyo maana wazee wa vikundi vya wafugaji hawana mjadala katika hili. Mgeni wa kazi akiomba afungue “kidogo tu, aangalie,” huambiwa asubiri Agosti iishe.

Kutofungua si kutojua yanayoendelea ndani. Mfugaji mzoefu huuendea mzinga asubuhi jua likishachomoza, akachutama kando, kamwe si mbele ya mlango, akatazama. Nyuki wakirudi na chavua ya manjano miguuni, ni dalili kuwa ndani kuna watoto wanaolishwa, na malkia yuko kazini. Akikuta chini ya mlango unga wa nta na vipande vya utando, anajua nondo wa nta ameingia kwenye masega yasiyolindwa. Akikuta watoto weupe waliotupwa nje, anashuku baridi au njaa. Kisha huinua upande mmoja wa mzinga kidogo, kiasi cha upana wa kidole, mkono uhisi uzito wa asali iliyobaki. Mwisho hutega sikio ubavuni na kugonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Kundi lenye afya hujibu kwa mvumo mkali unaopanda na kunyamaza papo hapo. Kundi lililopoteza malkia huguna muda mrefu, sauti ikapanda na kushuka bila kutulia. Vijana wanaofuatana na wazee hurudia zoezi hili mzinga baada ya mzinga, hadi masikio yao yazoee.

Ugomvi mkubwa wa msimu huu ni juu ya asali. Mvua za masika za Machi hadi Mei huchanuza miti na vichaka, na Juni masega yanakuwa mazito. Wanunuzi wanapiga simu, karo za shule zinadai. Kishawishi cha kurina kila kitu ni kikubwa, na mimi nasema bila kuzunguka kwamba anayerina kila kitu Juni hastahili kuitwa mfugaji. Nyuki wa Ulaya akiishiwa chakula wakati wa baridi hufa ndani ya mzinga, kwa kuwa nje kuna theluji na hakuna pa kwenda. Wa kwetu huhama. Malkia hupunguza kutaga, watoto waliobaki huanguliwa, kisha siku moja jua linapowaka kundi zima huondoka, likamwachia mwenyewe masega makavu. Kwa hiyo desturi ni kuacha masega kadhaa yaliyojaa asali karibu na watoto, na mwanachama aliyewanyang’anya nyuki akiba yao husemwa mbele ya kikao. Maji ya sukari yapo, na kundi dhaifu hupewa usiku, ndani ya mzinga, ili nyuki wa jirani wasivutwe kuja kuiba. Wazee huyaona kuwa dawa ya dharura, na wako sahihi.

Ukali huu wa wazee una mizizi mirefu. Kwa Wakamba, mzinga wa gogo uliotundikwa mtini ulichongwa alama ya ukoo, ili hata mpita njia ajue una mwenyewe. Wakikuyu walichonga mizinga yao kwa mti wa muringa, na asali ilitumika kupika muratina, pombe ya sherehe na ya mahari, ambayo bila hiyo wazee wasingekaa kuzungumza habari za posa. Kupanda mtini usiku kwenda kurina ilikuwa kazi ya wanaume. Hapo ndipo mambo yamebadilika zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa serikali ya Kenya uliosaidiwa na Kanada, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, uliunda mzinga wenye kuta zilizolala na vipau vya kushikia masega, ambao leo unajulikana duniani kama mzinga wa Kenya. Unaning’inizwa kwa waya kimo cha kiuno, nyegere asiufikie, na mama aliyevaa vazi la kujikinga anaufanyia kazi bila kupanda popote. Leo wanawake ni wanachama kamili wa vikundi hivi, na wengi ndio waweka hazina.

Kwa kuwa mizinga haifunguliwi, mikono hupata kazi nyingine, na baridi ndiyo majira ya kukutana. Wanachama huzunguka, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mwenyeji hupika chai ya tangawizi na kila mmoja huja na kifaa chake. Vipau vya zamani hukwanguliwa gundi ya nyuki, na vipya hurandwa hadi upana wa milimita 32. Hapa hakuna kukadiria kwa macho, kwani nafasi hiyo ndiyo nyuki wetu huiacha kati ya sega na sega, ilhali wa Ulaya hutaka kama milimita 35. Kipau kikiwa kipana mno, nyuki hujenga sega mshazari, likaunganisha vipau viwili, na siku ya kurina litapasuka na kumwaga asali juu ya watoto. Katikati ya kila kipau hupakwa mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa, ili wajue pa kuanzia.

Nta yenyewe hutoka kwenye sufuria iliyo pembeni. Masega makuukuu hufungwa ndani ya gunia, jiwe likawekwa juu yake, yakachemshwa polepole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kidogo, ikapenya gunia na kuelea, na sufuria ikipoa inabaki tabaka la manjano linaloinuliwa zima. Wakati huo wengine wanaziba nyufa za paa, wanabadilisha waya uliokula kutu, wanapaka grisi kwenye waya na kujaza oili chafu kwenye mikebe ya miguu ya mizinga isiyoning’inizwa, kuzuia siafu. Siafu hutembea sana ardhi ikiwa na unyevu, na wakiingia kwenye mzinga usiku, asubuhi hakuna kundi. Mavazi na vitoa moshi visivyotosha kila mtu huandikwa kwenye daftari, nani amechukua nini. Mwenye swali lililowashinda wote hutumwa Lenana, kando ya Barabara ya Ngong, kwenye Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki.

Msimu huu pia huleta malalamiko ya wateja. Asali huganda kwa baridi, na mnunuzi wa mjini akiona chembechembe hudhani ametiliwa sukari. Asali halisi huganda. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, nayo itarudi kuwa majimaji.

Septemba jua likirudi, kazi ya miezi mitatu huonekana. Makundi yaliyoachiwa chakula huongezeka upesi, na Oktoba, mijakaranda ikichanua zambarau mitaani, huanza kugawanyika. Nusu ya kundi huondoka na malkia kutafuta makao. Ndipo wakazi wa Kilimani hukuta shungi la nyuki kwenye mti wa langoni, na mwenye duka katikati ya jiji akalikuta kwenye tundu la ukuta. Wengi hukimbilia dawa ya kuua wadudu, au petroli na kiberiti. Inaniuma kila mara ninaposikia hivyo, maana makundi hayo ndiyo yanayochavusha maparachichi, mibuni na maboga ya bustani zetu.

Nyuki waliotua mtini, ambao hawajajenga, huwa watulivu kuliko siku nyingine yoyote. Matumbo yao yamejaa asali, hawana nyumba wala watoto wa kulinda, na mara nyingi huondoka wenyewe baada ya siku moja au mbili. Ukiwaona, waweke mbali watoto na mbwa, usiwarushie kitu, usiwamwagie maji, kisha mwite mfugaji aliye karibu nawe. Atakuja jioni na sanduku, naye atakushukuru.