Makaa ya Mawe na Gesi

Watoto, mnajua vizuri makala ya miti, ambayo mama anapikia chakula. Lakini kuna makaa mengine, meusi na mazito, yanayochimbwa chini ya udongo. Ndiyo makaa ya mawe. Katika Katanga yalichimbwa kule Luena. Nchi nyingi zinayachoma ili kupata umeme. Leo tujifunze namna mji mmoja mkubwa ulivyoyaacha na kushika gesi. Mji huo ni Beijing, mji mkuu wa China.

Je, makaa yanafanyaje umeme? Tazameni sufuria yenye kifuniko. Maji yakichemka, mvuke unainua kifuniko. Basi, mvuke una nguvu. Katika kiwanda cha umeme kuna tanuru kubwa. Makaa yaliyosagwa kama unga yanawaka humo, maji yanachemka, na mvuke unazungusha gurudumu lenye mabawa ya chuma. Gurudumu hilo linazungusha mashini inayofanya umeme. Huko Beijing, ambako maji yanaganda wakati wa baridi, viwanda hivyo vilipeleka pia joto katika nyumba za watu.

Lakini makaa yana ubaya wake. Yanaacha majivu mengi. Tena moshi wake una vumbi laini sana, lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo linaingia mpaka ndani ya mapafu na kuleta magonjwa.

Gesi nayo inatoka chini ya udongo. Ni kama hewa, lakini inawaka. Tangu mwaka 1997 bomba refu linaileta Beijing kutoka jimbo la Shaanxi. Haina majivu, na moshi wake ni mdogo. Katika kiwanda cha gesi, hewa ya moto yenyewe inazungusha gurudumu la kwanza. Kisha joto linalobaki linachemsha maji, na mvuke unazungusha gurudumu la pili. Hivyo moto mmoja unafanya kazi mara mbili.

Kutoka mwaka 2014 mpaka 2017, Beijing ilifunga viwanda vyake vinne vikubwa vya makaa, na viwanda vya gesi vikashika kazi yao. Cha mwisho, kiitwacho Huaneng, kilizimwa mwezi wa Machi 2017. Wakuu wa mji walipunguza pia moshi wa majiko, wa magari na wa viwanda vingine. Kutoka mwaka 2013 mpaka 2017, vumbi lile laini lilipungua kwa theluthi moja.

Je, mambo yaliishia hapo? Hapana. Makaa unaweza kuyarundika uani na kuyangojea majira ya baridi. Gesi haifanyi hivyo kwa urahisi: bomba likipungukiwa, moto unapungua. Baridi ya mwaka 2017 ilipofika, miji na vijiji vingi vilikuwa vimeacha makaa kwa mara moja, na gesi haikutosha. Mwezi wa Desemba Huaneng ikawashwa tena. Katika wilaya ya Quyang, jimbo la Hebei, majiko ya makaa yalikuwa yamekatazwa, lakini mitambo mipya ya joto haikuwa tayari. Watoto wa shule wakatoka darasani, wakasomea nje juani ili wapate joto. Habari ilipojulikana, serikali iliruhusu makaa tena mahali ambapo kazi haijaisha.

Tena jueni kwamba gesi si safi kabisa. Hewa ya kaboni inayotoka ndani yake, inayoongeza joto la dunia, ni karibu nusu ya ile ya makaa. Na gesi ikivuja kabla ya kuchomwa, inaongeza joto hilo zaidi.

Basi, kuacha moshi ni jambo jema. Lakini haraka haraka haina baraka. Mwenye akili hazimi moto wa zamani kabla moto mpya haujawaka.

Maulizo
1. Mvuke unafanya kazi gani katika kiwanda cha umeme?
2. Gesi inashinda makaa katika mambo gani?
3. Kwa nini watoto wa Quyang walisomea nje?