Pete Weber: zaidi ya miaka 40 akitupa mpira, jina la baba likiwa mgongoni

GOMA – Bolingi si bolingo. Ukitaja neno hilo kwenye bandari ya Kituku, kati ya vijana wanaoshusha mizigo iliyotoka Minova na Idjwi na akina mama wanaopanga sambaza, wa kwanza kukusikia atadhani unaanza habari za mapenzi kwa Kilingala. Bolingi ni mchezo. Unatupa mpira mzito kwenye sakafu ya mbao ili uangushe pini kumi zilizosimama mbele yako. Goma haina desturi ya mchezo huo. Lakini mtu mmoja aliyeufanya kuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka 40 ana hadithi ambayo mtu wa Kituku anaweza kuielewa haraka kuliko wengi, kwa sababu ni hadithi ya mtu anayekula kile mkono wake ulichopata siku hiyo.

Mtu huyo ni Pete Weber, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1962 katika jimbo la Missouri. Huenda umekwisha kumwona kwenye simu bila kujua jina lake: mzee mwembamba mwenye miwani ya jua ndani ya jumba, anayeangusha pini zote kumi, kisha anapiga kelele mbele ya kamera: "Unajiona wewe ni nani? Mimi ndiye!" Watu wamecheka sana video hiyo, kwa sababu swali na jibu havishikani. Lakini wachache wanajua ni nini kilikuwa nyuma ya kelele hizo.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya mbele kuna mita 18 na sentimita 29. Njia ya mpira ina upana wa mita moja na kidogo tu, na pembeni kuna mifereji miwili. Mpira ukiingia humo, umepotea. Mpira hauruhusiwi kupita kilo 7.26. Mchezaji ana zamu kumi, na kila zamu ana mitupo miwili. Akiangusha pini zote kwa mtupo wa kwanza, hiyo inaitwa straiki, na inamwongezea pointi za mitupo miwili inayofuata. Straiki 12 mfululizo zinatoa pointi 300, na hakuna alama zaidi ya hapo.

Inaonekana rahisi, lakini sivyo. Njia hupakwa mafuta, na mafuta hayo hayapakwi sawasawa kila mahali. Mahali penye mafuta mpira unateleza. Mahali pakavu unashika sakafu na kupinda. Kadiri mashindano yanavyoendelea, mipira inayasogeza mafuta na njia inabadilika. Mchezaji mzuri anasoma kitu asichokiona, kama vile mvuvi wa Ziwa Kivu anavyosoma upepo kabla haujafika.

Tena kuna uzito. Tufanye hesabu: katika michezo kumi, mchezaji anatupa mpira mara 150 hivi. Kwa mpira wa kilo 7, hiyo ni zaidi ya tani moja, na yote imepita kwenye mkono mmoja, kiwiko kimoja, goti moja. Anayebeba magunia pale Kituku anajua tani moja ni nini. Anajua pia kwamba mgongo hautoi likizo.

Pete hakuuingia mchezo huu kama mtu asiyejulikana. Baba yake, Dick Weber, alikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya bolingi. Mzee Dick alizaliwa mwaka 1929 mjini Indianapolis, na alifanya kazi ya posta kabla ya kuitwa St. Louis kuchezea timu ya kampuni ya bia ya Budweiser. Mwaka 1958, wakili mmoja wa Akron, jimboni Ohio, aitwaye Eddie Elias, alipokusanya wachezaji waunde chama chao cha wataalamu, PBA, Dick alikuwa kati ya wale 33 wa kwanza. Alikuwa mtu mpole, mwenye heshima, anayependwa. Mwaka 1964 alikubali hata kucheza ndani ya ndege ya mizigo iliyokuwa angani, ili tu kuutangaza mchezo.

Hapo ndipo mzigo wa Pete ulipoanzia. Kwetu tunajua mtoto wa mtu mkubwa anavyoangaliwa: akishinda, watu wanasema ni jina la baba, akishindwa, wanasema amelitia aibu jina la baba. Mwaka 1979, akiwa na miaka 17 tu, Pete alikubaliwa kuingia kwenye mashindano ya PBA. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mchezaji bora kati ya wapya. Mwaka 1982, akiwa na miaka 19, akatwaa taji lake la kwanza.

Mtindo wake haukuwa wa baba yake. Alikuwa na mwili mdogo, lakini aliurudisha mpira nyuma na juu kupita kichwa chake, halafu akauachia ukizunguka kwa nguvu hata ukapinda vikali kabla ya kugonga pini. Mwaka 1987 alishinda Mashindano ya Mabingwa. Mwaka 1988 akashinda US Open. Mwaka 1989 akashinda ubingwa wa taifa wa PBA. Hayo ndiyo mashindano matatu makubwa ambayo kila mchezaji huyaota, naye aliyamaliza yote kabla ya kufikisha miaka 27.

Lakini mkono ulipokuwa ukipanda, maisha yalikuwa yakishuka. Katika miaka hiyo ya 1980 Pete alipambana na pombe na madawa ya kulevya, hata akaingia kwenye kituo cha matibabu. Hasira zake uwanjani pia zilijulikana. Mwaka 2000 viongozi wa mchezo walimsimamisha kwa miezi sita kwa sababu ya mwenendo wake. Alikuwa anakaribia miaka 38, umri ambao wanamichezo wengi huwa wamekwisha kupanga mifuko ya kurudi nyumbani.

Mchezo wenyewe nao ulikuwa mgonjwa. Tangu mwaka 1962, runinga ya ABC ilikuwa ikionyesha bolingi kila Jumamosi alasiri, na mamilioni ya familia za Marekani walitazama. Mwaka 1997 ABC iliacha. Feza za runinga zilipokwenda, wafadhili walifuata. Mwaka 2000, chama kilichoundwa na wachezaji kiliuzwa kwa watu watatu waliowahi kufanya kazi Microsoft, kwa bei ya dola milioni 5. Filamu moja ya mwaka 2004, *A League of Ordinary Gentlemen*, ilifuata wachezaji wanne katika kipindi hicho, Pete akiwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Wayne Webb, ambaye alikuwa na mataji mengi nyumbani, lakini anaonekana akihangaika asitupwe nje ya kazi pekee aliyoizoea.

Msomaji wa Kituku aangalie jambo hili vizuri. Mchezaji wa bolingi si kama mchezaji wa mpira wa miguu wa Ulaya, ambaye mshahara unaingia hata akikaa benchi. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya PBA, mchezaji alilipa mwenyewe kiingilio cha mashindano, akalipa safari, akalipa hoteli. Akimaliza nafasi za juu, anapata cheki. Akimaliza chini, anarudi mikono mitupu na deni la mafuta ya gari. Ni kama mama anayekopa mtaji wa samaki alfajiri: samaki wasipouzwa, aliyemkopesha bado yupo. Weber alikusanya zaidi ya dola milioni 3 katika mashindano, lakini hakuna hata dola moja iliyokuja bila pini kuanguka.

Baada ya kufungiwa, alirudi. Mwaka 2004 akashinda tena US Open, mara yake ya tatu. Februari 2005 baba yake alifariki akiwa na miaka 75. Mwaka 2007 Pete akashinda US Open ya nne. Sasa walikuwa sawa: mzee Dick naye alikuwa na nne, alizozipata mwaka 1962, 1963, 1965 na 1966, enzi mashindano hayo yalipoitwa All-Star. Bingwa mwingine wa zamani, Don Carter, alikuwa na nne pia.

Ikaja Februari 2012, huko North Brunswick, jimboni New Jersey. Weber alikuwa na miaka 49. Katika fainali alikutana na Mike Fagan, kijana wa kizazi kingine. Fagan alimaliza na pointi 214. Weber akabaki na mtupo mmoja tu mkononi, na hesabu ilikuwa wazi: straiki, anashinda, pini moja ikisimama, wanatoka sare. Katika watazamaji kulikuwa na mtu aliyekuwa akimkera tangu mapema. Weber akatupa. Pini kumi zikaanguka. 215 kwa 214.

Ndipo yakatoka yale maneno yasiyoshikana. Alikuwa amepata US Open ya tano, idadi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia, hata baba yake. Aliyeitazama video kwa kucheka tu, airudie tena akijua hilo. Sisi Wakongomani hatupaswi kushangaa sana mtu anaposhindwa kujizuia wakati wa furaha. Robert Kidiaba wa TP Mazembe aliruka kwa makalio mbele ya dunia nzima huko Abu Dhabi mwaka 2010, timu yake ilipoiondoa Internacional ya Brazili kwa mabao 2-0. Waliocheka walikuwa wengi, lakini hakuna aliyesahau nani alifika fainali.

Mwaka 2013, akiwa na miaka 50, Weber alishinda tena Mashindano ya Mabingwa, miaka 26 baada ya mara ya kwanza. Likawa taji lake la 37, na la kumi kati ya yale makubwa. Yale mashindano matatu aliyoyamaliza akiwa kijana, sasa kila moja alikuwa amelishinda angalau mara mbili. Mwaka 2021, akiwa na miaka 58, aliaga ziara kuu ya PBA. Kwa kulinganisha, Dikembe Mutombo wetu, ambaye kila mtu alimshangaa kwa kudumu kwake, alicheza NBA misimu 18, kuanzia 1991 hadi 2009, akaacha akiwa na miaka 42.

Mtu anadumu vipi namna hiyo? Nguvu peke yake haitoshi, kwa sababu Weber hakuwa mtu wa misuli mikubwa. Jambo la kwanza ni kwamba alikubali kubadilika: vifaa vilibadilika, mipira ya kisasa ikaanza kushika sakafu kuliko ya zamani, mafuta yakapakwa kwa namna mpya, naye akajifunza upya kila mara. La pili ni kwamba alikuwa na mahali pa kurudi. Alipofungiwa, alijua adhabu ni miezi sita, na ikiisha kuna kalenda ya mashindano inayomngoja.

Hilo la pili ndilo linalotugusa hapa. Goma ina vijana wenye miguu na mikono yenye uwezo: wanandondi, wachezaji wa basketi, wachezaji wa mpira, waendesha baiskeli. Mara nyingi kinachowamaliza si umri wala jeraha. Ni kukosa shindano la mwezi ujao. Vita inapovunja kalenda, inavunja pia miaka ya mchezaji, na hiyo hairudishwi. Kijana wa miaka 19 anayekaa miaka miwili bila mashindano, kesho utamkuta akisukuma chukudu, na hakuna atakayejua alikuwa na kipaji gani.

Wale wachezaji 33 wa mwaka 1958 hawakungoja serikali iwaundie chama. Hawakuwa watakatifu, na bolingi ya Marekani ina madoa yake: hadi mwaka 1950 shirikisho lake kuu lilikataa watu wasio weupe. Lakini walielewa kwamba mchezaji mmoja mmoja anaombaomba, na wachezaji waliokaa pamoja wanajadiliana. Chama hicho kimebadilisha wenyewe mara kadhaa, kikapita miaka ya njaa, na kingali kinaandaa mashindano.

Weber naye, baada ya kuaga ziara kuu, hakuweka mpira chini. PBA ina ziara nyingine ya wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na huko aliendelea kucheza, akilipa kiingilio kama wengine na kusubiri pini zianguke.