Uhuru: Setilaiti yenye jina la Kiswahili iliyofichua anga lisiloonekana kwa macho

Na Mwandishi Wetu, Maswa

USIKU wa kiangazi, msimu wa pamba unapoelekea ukingoni, mtu akitoka nje kidogo ya mji wa Maswa mkoani Simiyu huona nyota nyingi kuliko zile anazoziona mkazi wa Mwanza au Dar es Salaam, ambako taa za mitaani huzimeza. Hata hivyo, macho yake hupokea aina moja tu ya mwanga. Zipo nyota na galaksi ambazo nguvu zake nyingi hutoka kwa njia ya miale ya eksirei, na miale hiyo haifiki ardhini Maswa wala popote pengine duniani.

Wengi wanaifahamu eksirei ya hospitali, ambayo hupenya nyama na kuonyesha mifupa. Ni rahisi basi kudhani kwamba miale ya aina hiyo itokayo angani ingeweza kupenya hewa. Sivyo ilivyo. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni nyepesi, lakini ni nyingi mno, na kwa miale hiyo ni sawa na ukuta mnene. Ukuta huo ndio unaolinda uhai wa viumbe, na ndio uliowazuia wanasayansi kuliona anga la eksirei hadi walipopata namna ya kupeleka vyombo vyao juu ya hewa.

Mwaka 1962, roketi iliyorushwa Marekani ilipaa kwa dakika chache na kugundua chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge. Chanzo hicho kilipewa jina la Scorpius X-1. Kwa miaka minane iliyofuata utafiti uliendelea kwa roketi na maputo, kila safari ikiwa fupi. Kilichohitajika ni chombo cha kukaa juu mchana na usiku, na chombo hicho kilirushwa kutoka Afrika Mashariki.

Kwa nini Malindi?

Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya utafiti wa eksirei za angani ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, nchini Kenya. Jukwaa hilo liliendeshwa na Waitaliano chini ya mhandisi Luigi Broglio. Setilaiti yenyewe ilikuwa ya Shirika la Anga la Marekani, NASA.

Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, alipendekeza setilaiti iitwe Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Ndivyo neno la Kiswahili lilivyoingia katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, na limo hadi leo.

Malindi haikuchaguliwa kwa bahati. Kwanza, dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye Ikweta, takribani kilometa 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayorushwa huko kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Pili, chombo kinachozunguka karibu na Ikweta kwa urefu mdogo hukwepa kwa kiasi kikubwa eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya kusini, ambalo huvuruga vipimo. Tatu, mashariki ya Malindi ni bahari tupu, ambako mabaki ya roketi yanaweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Hapa ndipo Maswa inapoingia katika simulizi hili. Wilaya hii na jukwaa la San Marco vipo karibu katika mstari mmoja, takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Uhuru ilizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi, ikiwa zaidi ya kilometa 500 juu, bila kuvuka sana nyuzi 3 kusini au kaskazini. Kwa hesabu hiyo, ilipita katika anga la Maswa, upande wa kaskazini, takribani mara 14 kila siku. Ilikuwa ndogo, yenye uzito wa kilo 140 hivi, na hapana mkulima aliyeweza kuitambua.

Ilichokiona

Uhuru haikuwa na kioo cha kupiga picha. Ilibeba visanduku vyenye gesi ambavyo vilitoa ishara ya umeme kila mwale wa eksirei ulipoingia. Ilijizungusha polepole, ikilipitia anga kidogo kidogo. Kabla yake vilijulikana vyanzo vya eksirei makumi machache tu. Orodha ya mwisho iliyotokana na vipimo vyake, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339.

Miongoni mwake ni Centaurus X-3, ambacho mwaka 1971 kilionekana kupiga kama mapigo ya moyo kila baada ya sekunde 4.8. Aidha, kila baada ya siku mbili hivi kilitoweka kwa saa kadhaa, kisha kikarejea. Maelezo yake ni kwamba hizo ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni kubwa, na nyingine ni nyota ya nyutroni, yaani masalia ya nyota iliyolipuka, yenye uzito unaozidi wa Jua lakini upana wa kilometa 20 hivi. Gesi ya nyota kubwa huvutwa na kuangukia ile ndogo kwa kasi ya kutisha, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Nyota ndogo inapopita nyuma ya kubwa, miale hukatika.

Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilikuwa na tabia tofauti. Miale yake ilibadilika ghafla katika muda usiofika sekunde moja, bila mpangilio. Kwa kuwa mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kitu kinachobadilika upesi hivyo lazima kiwe kidogo sana. Wataalamu wa darubini za ardhini walipochunguza sehemu hiyo waligundua nyota kubwa ikizunguka na mwenza asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Mwenza huyo alikuwa mzito kupita kiasi kinachowezekana kwa nyota ya nyutroni. Jibu lililobaki lilikuwa shimo jeusi, mahali ambapo nguvu ya uvutano ni kali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka.

Mwaka 1974, Stephen Hawking wa Uingereza aliwekeana dau na Kip Thorne wa Marekani, akidai kuwa hilo si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali kuwa ameshindwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinaonyesha kuwa uzito wake ni sawa na Jua 21, na kwamba liko umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 7,200.

Uhuru ilionyesha pia kuwa makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei kutoka eneo pana, si kutoka nukta moja. Baadaye ilithibitika kuwa kati ya galaksi hizo kuna gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na uzito wa gesi hiyo unazidi ule wa nyota zote zilizomo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile kilichomo katika makundi hayo ilikuwa haijawahi kuonekana na mtu.

Kazi hiyo ilikoma mwaka 1973, na mwaka 1979 chombo kiliteketea kiliporejea katika hewa. Kiongozi wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Alikuwa pia mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayosimamia utafiti wa darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ni matunda ya njia iliyofunguliwa na Uhuru.

Somo lililobaki

Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti yake ya mwisho mwaka 1988. Kituo cha Malindi kiliendelea kupokea taarifa kutoka setilaiti za utafiti, lakini Kenya ilipopata setilaiti yake ya Taifa-1, Aprili 2023, ilirushwa kutoka California. Ikweta ilikuwa yetu, na jina lilikuwa letu, lakini takwimu za Uhuru zilichambuliwa Marekani, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wataalamu wa kuzisoma.

Hali hiyo si lazima iendelee. Leo takwimu nyingi za darubini za anga za juu, zikiwamo Hubble na Chandra, hufunguliwa kwa umma baada ya muda, na mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzisoma bila kulipa. Kinachohitajika ni hesabu, fizikia na mwalimu wa kumwonyesha njia.

Mwezi Septemba, saa tatu usiku, kundinyota la Cygnus huonekana upande wa kaskazini wa anga la Maswa, umbo lake likifanana na ndege aliyetandaza mabawa. Shimo jeusi la kwanza kutambuliwa na binadamu limo humo. Halionekani kwa macho, lakini wilaya ambayo vijana wake wamejipatia sifa kwa kutengeneza chaki haikosi kitu cha kumchorea mtoto ubaoni mahali lilipo, na kumweleza kuwa chombo kilicholifichua kilirushwa kutoka pwani yetu, na kiliitwa Uhuru.